Kompyuta Njiti

Jumamosi, 3 Mei

Kompyuta ya sebuleni imekata roho. Kwa usahihi zaidi: inawaka, inafikiri, inafikiri tena, kisha inatoa kioo cha buluu chenye maneno meupe ambayo hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kuyasoma mpaka mwisho. Mke wangu anasema imechoka, iachwe ipumzike. Binti yetu anasema ifanywe kabati la viatu. Mama mkwe wala hakuitazama kompyuta. Alinitazama mimi.

Tunakaa naye nyumba moja tangu nilipooa na bado ananiita "huyu bwana". Huyu bwana ameshakula? Huyu bwana leo haendi kazini? Nami nimekaa pale pale, nasikia.

Shemeji alikuwepo, ndio ubaya wenyewe. Ni mdogo wake mke wangu, ana duka la kutengeneza kompyuta hapo njia panda, na mtaa mzima unamwita Injinia. Hajasomea uinjinia! Akajitolea kuichukua mashine aiangalie bure. Naijua bure ya Injinia. Ni bure leo, halafu inasimuliwa kwenye kila harusi na kila msiba hadi wajukuu wazeeke.

Nikakataa. Nikatangaza mbele ya wote kwamba nitaiwekea mfumo endeshi mpya mimi mwenyewe, tena mfumo huria, huo wa Linux, ambao watu wa dunia nzima wanautengeneza kwa pamoja na kuugawa bila malipo, na mwenye kutaka anaruhusiwa kuufungua achungulie ndani. Hayo nilikuwa nimeyasoma wiki iliyopita stoo, nyuma ya madebe ya rangi, wakati wa chakula. (Mimi ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi. Kazi ya akili, ingawa watu hawaoni.) Injinia akauliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, ni upi hasa, maana iko mamia. Nikasema ninao mmoja ninaoufikiria.

Sikuwa nao hata mmoja.

Sasa hivi haya yote yatakuwa yameshafika kwenye kundi la ukoo la simu. Shauri yao. Mimi nilijitoa kule baada ya maneno yaliyosemwa kuhusu tanki langu la kuvunia mvua. Tanki lilikuwa zima. Ni paa lililokuwa na matatizo.

Jumapili, 4 Mei

Utafiti tangu asubuhi, kwenye simu, hadi shingo ikakakamaa. Kila mtu mtandaoni anaapa kwamba mfumo wake ndio rahisi kwa anayeanza. Ukifika sentensi ya pili unahitaji shahada.

Mchana Mama mkwe akanishangaza. Alimuuliza mke wangu, mbele yangu, kama mashine ya huyu bwana ikipona itaweza kuandika. Nikajibu mimi, kwamba itaandika hata kitabu. Akasema kitabu ndicho anachokitaka.

Alikuwa mkunga maisha yake yote. Nusu ya watu wa mji huu wamepita mikononi mwake. Sasa majina yameanza kumkimbia, ndivyo alivyosema. Juzi sokoni alikutana na mwanamume mzima ambaye yeye ndiye aliyempokea alipozaliwa, na jina likakataa kuja. Akabaki kumshika mkono na kutabasamu. Anataka ayaandike yaliyobaki kabla nayo hayajaondoka. Kalamu hawezi tena, mkono unatetemeka. Kidole kimoja kwenye kibodi anaweza. Hakuna aliyetania. Binti aliacha hata kutafuna.

Basi masharti yakajulikana. Mfumo uwe mwepesi, kwa kuwa mashine ni kongwe. Ufanane na ule wa zamani, Mama asipotee. Uwe na Kiswahili. Herufi ziweze kukuzwa hadi zionekane kutoka jikoni. Na uwezekane kuonjwa kwanza kabla mtu hajaukubali.

Nimebakiwa na mitatu, nimeipa majina yangu mwenyewe. Kuna Jani, una alama ya jani la kijani. Kuna Chungwa, kwa ajili ya rangi yake. Halafu kuna Wataalamu, ambao ukurasa wake wa kwanza unaonya kwamba haufai kwa wanaoanza. Karibu kila niliyemsoma anasifu Jani. Nilikuwa nakaribia kukubali. Jioni Injinia akampigia dada yake simu, akasema kwa mtu kama mimi angeshauri Jani.

Kwa mtu kama mimi! Jani limefutwa. Nachukua Wataalamu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimeomba ruhusa kazini kwa sababu ya ugonjwa nyumbani. Si uongo. Mashine inaumwa.

Nikapakia Wataalamu kwenye flashi, kwa kompyuta ya kukodi, nikarudi nikaichomeka, nikawasha. Kioo cheusi. Kialama cheupe kinapepesa kwenye kona. Nikasubiri picha. Hakuna picha. Nikaandika "anza". Kikanijibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo hakiijui. Nikaandika "tafadhali". Jibu lile lile. Mama mkwe akapita na beseni la nguo, akatazama kioo, akanitazama mimi, akaenda kumuuliza mke wangu kama huyu bwana anasali.

Saa kumi jioni nikaona hakuna aibu kubadili msimamo. Chungwa nilikuwa nao kwenye flashi ya pili. Nikachomeka. Rangi hizo! Na kimuziki kidogo. Kioo kikaniuliza lugha, nikachagua Kiswahili, kikanipa vitufe viwili: Jaribu, au Sakinisha. Nikabonyeza Jaribu, kwa kuwa ndicho nilichokuwa nakifanya tangu asubuhi. Dakika mbili, kazi kwisha. Sielewi Injinia anakaa na mashine za watu wiki nzima akifanya nini.

Mtandao ukashika. Printa ikatambuliwa papo hapo (wino haina, lakini imetambuliwa). Herufi nikazikuza. Mke wangu akapiga makofi kabisa. Binti akasema "sawa", ambayo kwake ni nishani. Mama mkwe akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza kuandika kwa kidole kimoja majina ya watoto wa kwanza aliowapokea, nani alilia mara moja na nani alikataa kulia mpaka apigwe kikofi. Nusu ukurasa, muda mrefu. Aliposimama akamwambia mke wangu kwamba huyu bwana amejitahidi.

Amejitahidi! Nimeliandika hapa lisipotee.

Jumanne, 6 Mei

Mama mkwe ana tabia ya kuzima swichi zote za ukutani kabla ya kulala. Redio, pasi, kila kitu. Anasema umeme nao upumzike.

Asubuhi nikawasha mashine. Rangi, kimuziki, Jaribu au Sakinisha. Nikabonyeza Jaribu kama jana. Nusu ukurasa wa Mama haupo. Nikatafuta kila kona, hadi kwenye pipa la taka la kompyuta. Haupo. Nikajikaza kisabuni, nikasema mfumo mpya bado unaizoea nyumba.

Mama hakunung'unika, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa akaanza upya. Lakini jina moja, la mtoto wa tatu, yule wa mama muuza mkaa, halikurudi. Kidole kilikaa hewani. Mwisho akaacha nafasi tupu, akaendelea na wa nne. Nikaenda kazini nimeinamisha kichwa.

Nyuma ya madebe ya rangi nikasoma, safari hii mpaka mwisho. Kumbe Jaribu ni kujaribu tu! Mfumo haujaingia kwenye mashine hata kidogo. Unaishi kwenye flashi, kama mgeni anayelala kwenye kochi, na kila unachokiandika unakishika kichwani. Ukizimwa, ukiamka hauna habari ya jana. Wa kuingia na kukaa ni Sakinisha, na huo unaonya kwa herufi nyekundu kwamba utafuta vyote utakavyovikuta.

Nilirudi nyumbani nimeamua kusema ukweli. Naapa. Nikamkuta Mama mkwe ameshajaza kurasa tatu, uso unang'aa, anamweleza Binti habari za mapacha waliozaliwa kwenye mkokoteni. Kisha akainuka kwenda kuandaa chakula, na kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye swichi.

Nikapiga kelele. Wote wakaganda. Ikabidi niseme jambo, na nilichosema ni kwamba mashine ni njiti.

Nikaeleza kwamba mfumo huu umezaliwa kabla ya wakati wake, na ukizimwa ndani ya wiki ya kwanza unakufa. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Au najua. Binti yetu alizaliwa njiti, miezi miwili kabla, pale zahanati, mikononi mwa huyu huyu bibi yake, nami ndiye niliyechemsha maji. Masufuria manne, mfululizo! Huwa nawakumbusha, maana watu wa nyumba hii ni wepesi wa kusahau nani alifanya nini siku ile.

Mama mkwe alinitazama, mkono bado juu ya swichi. Kisha akasema njiti anahitaji joto na jicho la karibu. Nikasema ndiyo, hasa, joto. Akashusha mkono.

Jumatano, 7 Mei

Mpango ni huu. Mama amalize kitabu ndani ya wiki. Mimi nichapishe kurasa zote. Halafu siku ambayo hakuna mtu nyumbani nibonyeze Sakinisha, kimya kama maji ya mtungi, na hakuna atakayejua. Kasoro moja tu: wino. Wino wa printa ile unauzwa duka moja tu mtaani kwetu, na sihitaji kuandika la nani.

Njia ya pili: kuhamishia kurasa kwenye flashi nyingine. Nikaifuta ile ya Wataalamu (hakuna hasara), nikaichomeka. Kioo kikaganda. Kipanya hakiendi. Damu yangu nayo ikaganda. Nikasema sala zote ninazozijua. Baadaye kikajifungua chenyewe, kurasa zote zipo. Nikaichomoa flashi ikiwa bado tupu, nikaitumbukiza ndani ya soksi, soksi nikaisukumia uvunguni. Siigusi tena mashine ile hadi kitabu kiishe.

Nimebandika selotepu juu ya swichi na karatasi yenye maneno USIZIME. Binti akaniuliza kwa nini jokofu lisizimwe. Nikabandua, nikabandika kwenye swichi ya kompyuta.

Mama mkwe ameshika zamu. Kila akipita anaweka kiganja juu ya kasha la mashine na kutoa taarifa. Amelala vizuri. Anapumua. Leo anapumua kwa nguvu kidogo, akaniuliza kama ni kawaida. Nikamweleza habari za feni. Akasikiliza! Ni mazungumzo yetu ya kwanza yasiyohusu kuniomba chumvi mezani kwa kupitia mtu mwingine.

Mke wangu naye anampiga picha mama yake kila jioni akiwa mbele ya mashine. Picha nyingi mno, nyingine karibu kabisa. Sikumwambia kitu, ila nilivimba kichwa kidogo. Ni kazi ya mikono yangu anayoipiga picha.

Alhamisi, 8 Mei

Injinia amekuja, eti kumwona mama yake. Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye mashine. Akauliza polepole mbona flashi bado imechomekwa. Nikasema ni kinga. Akauliza kinga ya nini. Nikasema ya virusi vinavyotoka nje. Akatikisa kichwa kama daktari anayesikiliza mgonjwa akijieleza.

Alipokuwa anaaga akanivuta pembeni, barazani. Akasema kwa sauti ya chini kwamba kama nikitaka anaweza kupita kesho, ni kazi ya nusu saa, na hakuna mtu atakayehitaji kujua. Nilitaka kusema ndiyo. Kweli kabisa nilitaka. Mdomo ukasema asante, hapa kila kitu kinakwenda vizuri. Akanipigapiga begani akaenda zake. Nikarudi ndani nikaweka chombo cha maua ya plastiki mbele ya ile flashi.

Halafu hili. Mama mkwe alikuwa anaandika, jua limeshashuka, mimi napita na gazeti. Bila kugeuka akasema, "Mwanangu, nisogezee taa."

Nikatazama nyuma yangu kuona anaongea na nani. Hakukuwa na mtu. Nikaisogeza taa. Nikaenda jikoni nikasimama mbele ya sinki mpaka nikatulia, na mke wangu alipouliza kuna nini nikasema vitunguu. Hakukuwa na vitunguu.

Sasa siwezi kumwambia ukweli. Jana ningeweza. Leo nina kitu cha kupoteza.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua tangu alfajiri, na baridi ya kuingia kwenye mifupa. Saa tano nikapiga simu nyumbani kuuliza hali. Mama mkwe akasema njiti alikuwa na baridi sana, kasha limepoa kabisa, lakini nisiwe na wasiwasi, yeye ameshamshughulikia. Nikakata simu nimefurahi. Nikahesabu mifuko ya saruji, nikapokea shehena ya misumari. Ni wakati natia sahihi ya misumari ndipo lile neno "ameshamshughulikia" liliponirudia.

Nilikimbia. Mwavuli ukageuka nje ndani, nikauacha kwenye mtaro.

Kasha la mashine limefungwa blanketi. Lile la manjano lenye bata, alilofunikwa Binti mwezi wake wa kwanza. Limezungushwa mara mbili, likachomekwa pande zote vizuri kabisa, kwa ufundi, na kukazwa kwa mkanda wa gauni. Flashi tu ndiyo iliyoachwa nje, nadhani ipate hewa. Mama mkwe amesinzia kwenye kiti pembeni, mkono mmoja juu ya blanketi. Feni kimya. Kioo cheusi.

Nikafungua blanketi. Kasha linaunguza kama pasi. Nikalipepea kwa gazeti, nikasubiri lipoe, nikawasha. Rangi. Kimuziki. Jaribu, au Sakinisha.

Yote yamekwenda. Kurasa kumi na ngapi sijui. Mapacha wa mkokoteni, mtoto wa muuza mkaa, wote.

Nikakaa sakafuni. Mama mkwe alikuwa ameamka, na mke wangu alikuwa ametoka chumbani amesimama mlangoni. Nikasema yote bila kupumzika, naongea na zulia. Kwamba hakuna njiti. Kwamba Jumatatu nilibonyeza kitufe sicho, Jumanne nikajua, na tangu siku hiyo nimekuwa nikidanganya. Kwamba Injinia alitaka kusaidia na mimi nikakataa kwa kiburi. Kwamba majina yake yamepotea kwa sababu yangu. Nililia. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Mama mkwe alilikunja lile blanketi la bata, akaliweka mapajani. Kisha akamwambia mke wangu anionyeshe.

Mke wangu akakaa sakafuni kando yangu, akafungua simu. Kumbe zile picha hazikuwa za mama yake wala za kazi ya mikono yangu. Ni za kioo! Kila ukurasa, kila jioni, umepigwa picha, umepinda upande mmoja, mwanga wa taa umemulika katikati, lakini unasomeka. Mama mkwe ndiye aliyemwagiza, tangu Jumanne nusu ukurasa ulipopotea. Alisema mkunga hamwachii baba mtoto peke yake, hata baba awe mwema namna gani.

Na picha zote zimetumwa kwenye kundi la ukoo. Wiki nzima ukoo mzima unasoma! Watu wanagombana nani alizaliwa kabla ya nani. Watu wanasubiri jioni. Kila Mama alipoacha nafasi tupu, kuna mtu aliyeijaza. Shangazi mmoja wa mbali ndiye aliyemkumbuka mtoto wa muuza mkaa. Hata yule mwanamume wa sokoni amepatikana, ni dereva wa lori, na jina lake lipo. Mimi tu ndiye niliyekuwa sijui, kwa sababu ya tanki.

Mke wangu akapeleka kidole hadi ukurasa wa jana, ule wa taa. Akanipa simu nisome mwenyewe. Nauandika hapa kama ulivyo.

"Mjukuu wangu alizaliwa njiti. Baba yake alikuwa anazunguka ukumbini na kugonga milango, nikaona huyu ataanguka au ataangusha mtu. Nikamwambia achemshe maji. Maji hatukuyahitaji. Akachemsha masufuria manne. Tukanywea chai, na wauguzi wakafulia. Kila akileta alisimama mlangoni akaniuliza kama yanatosha, na vidole vimeungua. Nimepokea watoto wengi na nimeona akina baba wengi. Wengi walikwenda zao kusubiri habari. Huyu bwana hakuondoka."

Nilisoma mara mbili. Nikamuuliza, ilimradi niseme kitu, kama alijua kuwa mashine si njiti, kwa nini basi aliifunika blanketi. Akasema tangu lini kompyuta ikazaliwa. Ila wiki nzima alikuwa ananiona nikiitazama kwa macho yale yale ya zahanati, leo mvua ilinyesha, akaona heri aifunike, ili nikirudi nikute imetunzwa nipumue.

Kisha akaniambia ninyanyuke, mwanangu, zulia lina baridi.

Jumapili, 11 Mei

Jana Injinia alikuja kusakinisha Jani. Nimemruhusu. Nimemweleza kwamba hata mimi tangu mwanzo nilikuwa naelekea huko.

Kabla hajaanza akaniambia kuna kazi moja ambayo hawezi kumpa mtu mwingine yeyote: kushika waya wa umeme nyuma ya kasha, usitikisike hata kidogo mpaka amalize. Si kazi ya mchezo! Nilipiga goti nyuma ya meza nusu saa nzima. Mkono ukafa ganzi. Pua ikawasha, sikuigusa. Binti akaja kuniuliza kitu cha shule, nikamwambia baba yuko kazini. Mfumo ukaingia salama, bila hitilafu hata moja. Injinia mwenyewe alikiri kwamba waya umeshikwa vizuri sana. Mama mkwe naye akasema hajaona waya ulioshikwa kwa moyo namna ile. Niliwaona wakitazamana, mama na mwanawe, kwa namna ambayo sikuielewa. Wivu kidogo, nadhani, upande wa Injinia.

Wino ameleta yeye. Kurasa zimechapishwa kutoka kwenye zile picha, na leo Mama yuko kwenye kiti chake anaendelea, kidole kimoja, herufi kubwa. Jioni inazimwa, asubuhi inawashwa, kila kitu kipo. Ukurasa ule wa Alhamisi nimeomba nakala yangu. Nimeukunja nimeuweka kwenye pochi.

Kuna sehemu moja tu ambayo itabidi nikae naye taratibu airekebishe, pale anaposema maji hayakuhitajika. Masufuria manne hayaishi kama hayahitajiki. Ndiyo hivyo, majina yanamkimbia, na mambo mengine nayo lazima yatamkimbia.

Nimerudi kwenye kundi la ukoo. Wamenipokea kwa picha za tanki. Sikujali. Nikawaandikia kwa kirefu kuhusu uchaguzi wa mfumo huria kwa mtu anayeanza, na mjomba wa mke wangu akasema kompyuta yake nayo imekuwa nzito siku hizi. Injinia akaandika haraka haraka kwamba atapita aitazame. Nikamwahi. Jumamosi nakwenda mimi. Bado ninayo flashi ya Chungwa, inafanya kazi vizuri tu, na Injinia sasa ana kazi nyingi dukani.

Nimemwambia mjomba ni suala la dakika mbili, mradi atafute mtu mwaminifu wa kushika waya.